Sitataja Jina, Nitataja Nyungu

Papa na Mama, vijana, na ninyi mulioketi karibu na mulango ili mutoke mapema, ninawasalimia wote. Pasta aliniomba nisimame nitoe ushuhuda wa mukono wangu, namna Mungu aliuponyesha. Nitausema. Aliniomba pia niseme kwa upole, na hiyo sikumuahidi. Nina hasira, na nimekuja nayo.

Munanijua. Mimi ni Mutwa, wa kabila la Batwa, mufinyanzi, binti wa mufinyanzi. Kama muko na nyungu nyumbani, karibu yote ilitoka mukononi mwangu ao mwa mama yangu. Maharagi ya nyungu inaiva vizuri kuliko ya sufuria, muliniambia wenyewe. Basi leo tufanye hivi. Sitataja jina la muntu hata mmoja. Nitataja nyungu. Kila muntu anajua aliyonunua kwangu.

Mbele ya kufika ku mukono, niwakumbushe jambo la kikombe. Ukiwa Mutwa na kiu imekushika, ukaomba maji kwa jirani, jirani hakunyimi. Anachota, anakuja nayo, kisha anakuambia, "Leta mikono." Unakinga mikono, anamwaga, unakunywa humo. Kikombe chake hakigusi mudomo wako. Na yale maji ameyachota ndani ya mutungi niliofinyanga mimi, nikaulainisha kwa vidole hivi, ndani na inje. Ndugu zangu, nawaambia, nimekunywa hivyo tangu utoto mpaka nikafikiri njo namna ya kunywa. Hata meza ya Bwana hapa kanisani, ninamushukuru Mungu kwa vile vikombe vidogo, kila muntu na chake. Kingekuwa kikombe kimoja, sijui mungenipanga wapi ku mustari. Chekeni tu, lakini mujue munacheka nini.

Sasa udongo. Udongo wetu unatoka ku bonde moja, lile la chini ya kilima ukitoka Muheto. Ni mweusi, unashikana, hauna muchanga. Mama ya mama yangu alichimba pale. Mwaka ule wa mukono kuvunjika, mwenye ferme, lile shamba kubwa la ng'ombe, akazungusha seng'enge bonde lote ili ng'ombe wake wapate maji bila kusumbuliwa. Hatukuja na panga. Tuliandika barua, mwalimu mmoja alituandikia kwa Kifaransa kizuri. Ku biro ya chef wa eneo walisema turudi juma litakalokuja. Tukarudi, wakasema muntu wa kupiga muhuri hayuko. Mara ya tatu walisema barua imepotea, tuandike ingine.

Njo tukaamua kukaa barabarani. Wanawake, wanaume, na muzee wetu mmoja mwenye kutembea kwa fimbo. Tulipanga nyungu mustari mmoja, kutoka upande huu wa barabara mpaka ule, kila muntu akaketi nyuma ya nyungu yake. Na hapa ninakiri kosa letu, tulichagua siku ya soko. Tulifikiri watu wakiwa wengi watatuona, watauliza kuna nini, watatusaidia kusema. Pikipiki zikasimama. Fuso ya maharagi na mihogo, ikienda Kitshanga, ikasimama. Jua likawaka. Watu walituona kweli.

Polisi wakafika. Mukubwa wao akasema tuondoke. Tukasema tutaondoka chef akija kutusikiliza. Hatukurusha jiwe hata moja. Yule aliyesema ku radio kwamba tulirusha mawe, wewe wa nyungu ya pombe yenye shingo ndefu, siku ile haukuwa hata pale. Ulikuwa Kitshanga. Bibi yako njo aliniambia.

Polisi walianza na nyungu. Walizipiga mateke na fimbo, moja moja. Polisi mmoja kijana akafika kwangu, akanyanyua fimbo yake. Na hapa ninaomba munisikie vizuri, sababu ushuhuda wangu wote uko hapa. Mbele ya kupiga, aligeuza kichwa akawaangalia ninyi. Hakumuangalia mukubwa wake. Aliangalia ninyi muliokuwa nyuma, ku pikipiki na pembeni ya Fuso, namna muntu anaangalia akiwa anauliza kitu. Na mukamujibu. Mulipiga makofi. Na sauti ya mama mmoja, sauti ninayoijua vizuri, ikasema, "Bapige. Barabara iko ya batu bote, haiko ya Batwa."

Akapiga. Muntu mwingine angeficha kichwa chake. Mimi nilifunika nyungu. Ukiwa mufinyanzi mukono unakimbia kuokoa kazi yako, akili inafika nyuma. Mufupa ukavunjika hapa, juu ya kiganja, na nyungu ikavunjika vilevile.

Ku hospitali walinifunga mukono ndani ya plâtre ngumu. Mugonjwa wa kitanda cha pembeni alikuwa na radio, na kesho yake kipindi cha watu kupiga simu kilikuwa juu yetu. Mutangazaji aliuliza kama polisi walifanya vizuri ao vibaya kutumia nguvu. Mukapiga simu. Mmoja akasema, "Balifanya muzuri, bale batu banalewaka asubuhi." Mwingine akasema ONG, yale mashirika ya musaada, zimetubembeleza sana, tumezoea kubebwa. Na wewe wa nyungu tatu ndogo za kuchemushia dawa, ulisema hata ng'ombe akikaa barabarani unamuondoa kwa fimbo. Mutoto wako wa kwanza alipougua tumbo, dawa yake ilichemka ndani ya kazi ya ng'ombe huyo. Nilikuwa nimelala pale, ninasikiliza sauti moja kisha ingine, na karibu zote ninajua zinakula nini na zinapika ndani ya nini. Muntu mmoja tu alisema polisi walifanya vibaya, na simu yake ikakatika. Sijui kama unité za simu ziliisha.

Nilirudi nyumbani nikaanguka. Ninasema nikaanguka, siyo ku muguu, ni moyoni. Niliacha soko. Niliacha kanisa, na hakuna aliyekuja kuuliza kiti changu kiko wazi kwa nini. Nilianza kunywa kanyanga, ile pombe kali, kwanza kidogo kwa ajili ya maumivu, kisha hata maumivu yalipoisha. Yule aliyesema ku radio kwamba Batwa wanalewa asubuhi, mimi nikamupa haki kwa miezi mitatu. Hiyo inaniuma kuliko mufupa.

Mume wangu alikuwa mbali, ku mashimo ya dhahabu ya Omate, anachimba. Habari ilimufikia kule kule ndani ya shimo. Wachimbaji wenzake walikuwa wanaicheka bila kujua ni bibi yake. Akapanda akarudi, akanikuta ninalala muchana. Hakugombana na mimi. Alisema, "Huku habatutake. Twende Walikale kwa ndugu zangu, kuko pori, hatutasikia makofi ya muntu." Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kukataa kitu.

Njo mukaanza kuja na pole. Mulikuja saa ya mvua, wakati njia kubwa haina muntu, mukapita njia ya nyuma, ile ya ndani ya migomba. Mmoja na chumvi, mwingine na sabuni. "Mama, pole. Mimi nilisema vile sababu bote balikuwa banasema." Wa kwanza nilimupokea, nikala chumvi yake. Wa pili vilevile. Wa tatu alipotoka, nilimuona kichwa chake kinachungulia kama kuna muntu anapita, mbele ya kutia muguu inje. Pale kitu kikapanda ndani yangu. Ulinitukana ku radio watu wote wanasikia, na sasa unaogopa kuku wa jirani asikuone kwangu? Nilikamata ile sabuni nikamufuata nayo mpaka barabarani. Kanyanga ilikuwa imeisha kichwani, ninawaambia.

Juma lile akaja mama wa maharagi. Munamujua, yule anayeuza maharagi mbele ya duka la chumvi. Ilikuwa yeye. Ile sauti ya bapige ilikuwa yake. Yeye na mimi tumejuana miaka mingi, nyungu yake ni ile kubwa yenye mistari miwili ku shingo, anapikia wageni. Alikuja na mvua, na kikapu, njia ya migomba.

"Mama, pole," akasema. "Balikupiga mubaya."

Nikamuuliza, "Yale maneno yako uliyasemea wapi?"

"Weye unajua. Ku barabara, siku ya soko."

"Basi pole yako iko kule. Ipeleke kule."

"Unataka nifanye nini, nipige tarumbeta?"

"Ulisema bapige bila tarumbeta," nikamuambia, na nikamurudishia kikapu chake na maharagi ndani.

Alikasirika. Alisimama pale ku mulango, maji inamutiririka, akasema, "Ninyi Batwa muko na kiburi." Nikamujibu, "Ndiyo. Nimekianza leo." Akaenda. Mume wangu alisema nimefukuza chakula. Alikuwa na haki, siku ile tulilala na muhogo mukavu.

Tukapanga safari ya Walikale. Nyungu zilikuwa zimebaki tano, za zamani, mbele ya kuvunjika mukono. Nikasema niende ku soko niuze hizo, kisha tuondoke na tusirudi. Niliketi pahali pangu, nikazipanga mbele yangu. Watu walinunua mboga kushoto na kuume wakanipita.

Yule mama akaniona. Nilifikiri atageuza uso. Alipanda juu ya kiti chake kile kidogo, na mwili wake ule, nikafikiri kitavunjika. Akasema, "Ninyi bote, musikilize. Ile siku ya Batwa ku barabara, sauti ya kusema bapige ilikuwa ya mimi. Maharagi yangu ilikuwa mu Fuso, jua ilikuwa kali, nikasema. Mukono ya huyu mama ilivunjika sababu ya mudomo yangu. Nilikosa."

Kijana mmoja wa pikipiki akamuuliza, "Mama, unatafuta kura?" Watu wakacheka. Yeye akamujibu kule kule juu ya kiti, "Weye nyamaza. Weye ulipiga makofi, nilikuona, ulikuwa na kofia nyekundu."

Alishuka. Akakamata kikombe chake, kile cha bati cha buluu kilichomenyeka ku mudomo, akachota maji ku mutungi, akanywa nusu. Kisha akakuja kwangu. Na mimi, ndugu zangu, munajua nilifanya nini? Nilikinga mikono. Mikono yangu miwili, na huu uliovunjwa pamoja, ikajikinga yenyewe. Niliona haya kuliko siku ya kupigwa.

Akasema polepole, "Hapana. Kamata kikombe."

Nikakamata. Nikaweka mudomo pale yeye alipoweka wake, nikanywa, soko lote linaangalia. Maji ilikuwa na harufu ya sabuni kidogo. Niliimaliza.

Sasa musifikiri malaika waliimba. Muntu mmoja aliyekuwa anapimiwa maharagi aliyarudisha ku gunia la yule mama, akaenda kununua kwa mwingine, sababu ya kile kikombe. Wengine wakamufuata. Kwa majuma mengi yule mama alikuwa anarudi nyumbani na gunia karibu limejaa. Hakunitupia lawama hata siku moja. Na mimi niliona, kama huyu anaketi pale kila siku wanamuangalia vibaya kwa ajili yangu, mimi ninakimbia Walikale namna gani? Nikamuambia mume wangu tufungue mizigo. Kanyanga niliiacha juma lile, na siyo kwa nguvu zangu, Mungu ashukuriwe.

Yeye na wauza maharagi wenzake wanne walikwenda na sisi ku biro. Ile barua iliyopotea ikaonekana muchana mmoja. Mwenye ferme alifungua pahali pa kupita ku seng'enge, siku mbili kwa juma. Siku mbili, ku udongo wa mama ya mama yangu. Ninashukuru, na nina hasira, vyote pamoja. Yule polisi bado anafanya kazi. Tukikutana ananisalimia, "Mama, bonjour." Hakuna muntu aliyemuuliza kitu.

Pasta, mukono nimeufikia. Umepona. Kidole hiki hakikunjiki, kwa hiyo nyungu zangu za sasa zinainama kidogo upande mmoja. Zinaivisha maharagi vilevile. Ninamushukuru muuguzi wa ile hospitali aliyeniletea donge la udongo ndani ya sachet ya nailoni, nikalifinya kitandani kila siku mpaka vidole vikaamuka. Ninamushukuru mume wangu aliyekubali kula muhogo mukavu kwa ajili ya kiburi changu. Ninamushukuru mama wa nyungu ya mistari miwili. Ameketi humu, na musimugeukie, tayari anaona haya.

Ninachowaachia ni hiki. Yule kijana alikuwa na fimbo, lakini alikuwa hajajua kama ataitumia. Nilikuwa chini yake, nililiona jicho lake. Aliwauliza ninyi. Mungenyamaza tu, hata bila kunitetea, mukono huu ungekuwa muzima. Siku ingine polisi akinyanyua fimbo juu ya muntu, Mutwa ao muntu gani, mujue anaweza kuwaangalia. Na mukiisha kusema vibaya mbele ya watu, semeni mumekosa mbele ya watu wale wale.

Ile njia ya migomba nimeipandia viazi. Pole haipiti tena kule, ipite hapa, mbele ya watu. Wale muliopiga makofi, na wale muliopiga simu, ninawajua, na hakuna aliyetajwa. Hapa mbele nimeleta mutungi, ni huu ulioinama, na kikombe ni kimoja.

Nimeisha kunywa mimi wa kwanza.