Siku Niliyosema Mama Paskazia Hakunizaa

Ndugu zangu wa Kirushya, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyenitoa ghalani. Wazee wangu, shikamoni. Naitwa Konsolata. Wengi mnanijua kama mkunga msaidizi wa zahanati, na wengine mnanijua kama binti wa marehemu Mama Paskazia. Hilo la pili ndilo lililonisimamisha hapa. Nimeomba nisome kwenye daftari langu, kwa sababu nikisimulia kwa kichwa huwa najipendelea.

Mimi ni Mrundi. Nilivuka mto Ruvubu nikiwa msichana, baada ya baba yangu, aliyekuwa katekista, kunitafutia nafasi katika chuo kidogo cha wakunga upande wa Biharamulo. Nilipewa kibali cha mwanafunzi mgeni, karatasi ngumu yenye picha yangu. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka nikakihuishe wilayani Ngara, nikiwa na barua ya kijiji inayosema mgeni huyu anakaa kwa nani. Mwaka wa kwanza haujaisha, nyumbani kukachafuka na habari za baba zikakatika. Likizo zangu zote nikawa nakuja hapa kwa Mama Paskazia, mjane aliyejuana na baba kwa mambo ya kanisa.

Ndipo tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Mnaikumbuka siku ya kuandikwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gervazi, alipita na daftari, nyuma yake watu wawili kutoka wilayani. Nilikuwa namenya ndizi.

"Paskazia, hapa mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na huyu, umwana wanje."

Mwanangu. Desturi yetu mnaijua, ya hapa na ya kwetu ng'ambo. Aliyekula kwenye chungu chako muda mrefu humwiti mgeni mbele ya watu baki. Ni sawa na kumfukuza. Na mtoto hamsahihishi mkubwa wakati wageni wamesimama. Mzee Gervazi alinitazama. Alijua nilikotoka. Akaandika binti. Mimi nikaendelea kumenya.

Kwa miaka nimesema kwamba nilinyamaza kwa heshima. Lakini daftari langu la wiki ile linasema: "Sasa sitapanga foleni tena Ngara." Basi heshima ilikuwepo, uvivu ulikuwepo, na hofu ya kurudishwa kwetu ilikuwepo. Kipi kilizidi, sijui.

Tangu siku hiyo kwenye daftari la kijiji hapakuwa na mgeni, kwa hiyo hapakuwa na barua ya mgeni. Kibali kikaisha muda wake. Kila nikisafiri, Mzee Gervazi aliniandikia barua ya njia: Konsolata binti Paskazia, Mhangaza wa Kirushya. Lugha yetu Warundi na yenu Wahangaza zimekaribiana mno, nani angenigundua?

Kisha vita vya mpaka wa kaskazini vikaja. Vijana wa hapa wakaenda, na si wote waliorudi. Kila mtu asiyejulikana akawa anatazamwa kama mpelelezi. Siwalaumu watu. Aliye na mwana vitani hana nafasi ya kuchambua nani mbaya na nani si mbaya.

Nilikuwa narudi chuoni, juu ya lori la mahindi, tukasimamishwa kwenye kizuizi karibu na Nyarubungo. Mgambo alisoma barua yangu, akanirudishia, akasema pita. Mwenzake akafungua kitabu changu cha masomo na kibali kikaanguka. Nilikuwa nimekitunza humo kwa sababu ya ile picha. Sikuwa na nyingine. Akazilinganisha karatasi mbili, moja ya Mhangaza, moja ya Mrundi.

"Dada, una mama wangapi?"

"Huyo ni popo," yule wa kwanza akasema. "Kwa ndege anaonyesha mabawa, kwa wanyama anaonyesha meno."

Watu kwenye lori wakacheka. Mama mmoja tuliyekuwa tumegawana muhogo akasogeza mzigo wake mbali na wangu.

Waliniweka kwenye ghala la mahindi siku tatu. Lazima niseme haki: hakuna aliyenipiga, na maji nililetewa. Mle ndani alikuwemo mzee mmoja mchunga ng'ombe asiye na karatasi hata moja. Siku ya pili aliitwa nje. Aliacha fimbo yake ukutani, kama mtu anayerudi sasa hivi, na hakurudi. Sisemi aliuawa. Sijui. Ila nililala naye ghala moja na jina lake sikumwuliza, nami hilo nitalijibu kwa Mungu.

Nilisali, ndugu zangu. Niliandika nilivyosali: "Bwana, wafanye waiamini barua ya Gervazi." Yaani nilimwomba Mungu aushike uongo wangu upande mmoja, nami niushike upande wa pili.

Siku ya nne nikapelekwa kwa afisa, Msukuma mmoja mtaratibu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaziweka karatasi mezani. "Nimemwita huyo mama yako," akasema. "Akiapa kwamba amekuzaa, nachana hiki kibali, unakwenda zako. Lakini akiapa uongo, na nchi iko vitani, nami nikaja kujua, yeye sitaweza kumsaidia."

Mama Paskazia akaingia, vumbi mpaka magotini. Afisa akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

"Eh, mama, na mimi pia umenizaa?"

"Ningekuzaa mimi, ungekuwa umeshanipa kiti."

Afisa akacheka, akainuka, akampa kiti chake mwenyewe. Kisha akasukuma Biblia mezani, na Mama akanyoosha mkono bila kusita. Mama yule aliyekuwa hawezi kula kabla ya kusali, aliyenifundisha kusali kwa Kiswahili, alikuwa anataka kumwambia Mungu wake uongo ili mimi nitoke ghalani.

Nikasema, "Mama, unisamehe. Hukunizaa."

"Nyamaza, mtoto."

Sikunyamaza. Nikasema mimi ni Mrundi, kibali ni changu, nimekaa bila kukihuisha, na siku ya kuandikwa nilikuwepo na nilisikia. Maneno yalitoka kabla sijaamua kuyasema. Hapo ndipo nasema Bwana alinifungua, kwa sababu kinywa changu nakijua, chenyewe kisingethubutu.

Afisa akaisogeza Biblia kando. Akatoa fomu mpya, akaandika jina langu, nchi yangu, chuo changu. Akafika kwenye mwenyeji, akamwandika Mama. Akamtazama. "Na hapa kwenye uhusiano niandike nini?"

Mama hakuniangalia. "Andika mgeni."

Nilitoka na karatasi halali. Nilimaliza chuo. Lakini Mzee Gervazi alikamatwa wiki ile ile kwa maneno yangu, akakaa ndani mpaka mvua zilipokwisha, akavuliwa ubalozi, akarudi akichechemea. Ni kweli aliandika uongo. Ni kweli pia kwamba aliandika kwa huruma, na aliyefaidi ni mimi. Naye Mama aliendelea kunipokea kila likizo, hakuninyima kitu. Ila tangu siku ile alinipakulia kwenye sahani ya wageni, na neno umwana wanje sikulisikia tena mpaka mlipomzika.

Mtu ataniuliza, sasa wewe ulikombolewa nini? Jibu zima sina. Najua kwamba Mama Paskazia alikufa bila kiapo cha uongo kwa ajili yangu. Najua kwamba Konsolata anayeitwa zahanati ndiye yule aliyezaliwa Mrundi, si yule wa kwenye barua. Kwa hayo namshukuru Mungu, na machozi ni yale yale.

Mzee Gervazi haji kanisani siku hizi. Mwenyewe anasema ni mguu. Mimi nadhani ni mimi. Sijawahi kwenda kumwomba msamaha. Napita nyuma ya mashamba nisione mlango wake. Ndugu zangu, kama unalo neno ulilolinyamazia likamwumiza mwingine, mtegemee Bwana ulitamke leo, kabla ya kuulizwa. Ibada ikiisha nitakwenda kwake kwa njia ya mbele. Anayeona vigumu kumwamini Mungu kwa jambo kama hili atembee nami, maana mimi mwenyewe naona vigumu.