Ngumi ya Jua: Wasifu wa Kelepi Naufahu

Ndugu, jamaa na majirani, sogeeni karibu, nanyi mlio nje jongeeni mlangoni.

Marehemu Kelepi Naufahu alizaliwa tarehe 3 Machi 1984 hapa Faleloa, kisiwani Foa, mtoto wa pili wa marehemu mzee Folau na mama Ilaisaane. Mama yake husema alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga alipojaribu kuzikunjua, mtoto alimlilia kwa hasira hadi akaziacha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Pangai, ambako alifukuzwa mara mbili na kurudishwa mara moja. Kwenye raga hakuwa na mpinzani. Nje ya uwanja alipigana gatini, kwenye ngoma, na siku moja mlangoni mwa kanisa. Tunayasema haya kwa sababu mnayajua.

Mwaka 2008 alikwenda Darwin, Australia, kufunga nondo katika genge la binamu yake Lopeti. Mwaka 2011 alirudi kumposa Meleane, jicho moja limevimba na kufumba kabisa. Baba mkwe akamtazama, akauliza, “Huyu kaja kuomba mke au daktari?” Meleane akajibu mwenyewe: “Nitamkubali. Lakini siku atakayomrushia mtu ngumi, asirudi kwangu.” Kelepi akaapa mbele ya wazee. Tangu hapo, kazini Darwin alikorudi na hapa nyumbani alipokuja likizo, hakumgusa mtu, hata alipotukanwa, hata alipotemewa mate. Mikono hiyo iliwaogesha watoto wake na kuwasuka nywele.

Habari zilizotangulia kufika kisiwani zilisema Kelepi amekufa baada ya kupigana kazini, kwamba kiapo kilimshinda. Meleane ameomba yasomwe yaliyotokea, yote, mbele ya jeneza.

Ilikuwa Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, msimu ule wa Darwin ambapo mawingu hujaa na mvua haidondoki. Genge lilikuwa juu ya daraja, maji ya kunywa yamebaki chini, malori ya zege yamepanga foleni. Lopeti, aliyekuwa nyapara, akasema, “Tumalize lori hili kwanza, halafu mtakunywa mpaka mtapike.” Likaja jingine, na jingine.

Mchana Kelepi akaanza kumwita Lopeti “baba.”

“Baba, shuka, mashua inazama!”

Wenzake wakacheka. “Mcheki huyu! Bia za jana hizo!”

Hakuwa ameonja bia. Hakuwa hata anatoka jasho tena, na hakuna aliyeliona hilo. Lopeti alipomshika bega, Kelepi alimpiga usoni kwa kulabu ya kufungia nondo. Taya likavunjika, meno yakadondokea kwenye zege bichi. Mwingine alipigwa teke la mbavu, akaanguka kifudifudi.

“Kelepi wa zamani karudi! Mshikeni miguu!”

Wakamrukia wote. Walimkandamiza shavu kwenye nondo zilizochomwa na jua mpaka ngozi ikabaki pale. Wakamfunga mikono kwa waya. Lopeti, damu zikimchuruzika kidevuni, akanguruma, “Mficheni! Bosi akimwona, leo leo anapandishwa ndege. Watoto wake watakula nini?” Wakamburuta hadi kwenye kontena la vifaa, wakashusha komeo. Walifanya hivyo kwa kumpenda. Kontena la chuma, saa nane mchana.

Alipiga kuta kwa kichwa na mabega. Kisha akanyamaza, na wao wakapumua: “Afadhali, hasira zimeshuka.”

Mama wa huduma ya kwanza alipokuja kumfunga Lopeti taya, aliuliza aliyempiga yuko wapi. Walipofungua kontena, akamgusa Kelepi na kupiga ukelele: “Mkavu kama karatasi! Mleteni nje! Barafu! Huyu hakuwa anapigana, joto limempanda kichwani!” Walimmwagia maji yote waliyokuwa nayo. Aliaga dunia hospitalini alfajiri ya Jumatano tarehe 15, bila kumtambua mtu.

Hao wanaume wa genge ndio waliomleta nyumbani. Tangu juzi wamejiweka nyuma, kwenye moto wa kupikia, wamejifunga viunoni mikeka iliyochakaa ya msiba, hawathubutu kuingia. Jana waliomba kuchimba kaburi. Lopeti, taya limefungwa, alisema meno yakiwa yamebanana, “Ni mimi niliyesema afungiwe.”

“Najua, shemeji,” Meleane akamwambia. “Chimba.”

Jua lilipokuwa utosini Meleane alikwenda makaburini na ndoo ya maji na kikombe. Akawatoa shimoni mmoja mmoja, akasimama mbele ya kila mwanamume mpaka kikombe kikaisha. Aliyesema hana kiu alijazwa cha pili. Kisha akasema, wote wakisikia, “Mume wangu hakuvunja kiapo. Anarudi kwangu.”

Marehemu ameacha mama yake Ilaisaane, dada yake Fuiva, mjane wake Meleane, watoto wake Seini, Sitiveni na Losaline, na binamu yake Lopeti, ambaye Meleane ameagiza aandikwe hapa pamoja na familia.

Mwenyezi Mungu amlaze Kelepi penye kivuli, na usingizi wake uwe wa amani.