Fundi Lifti na Mke Aliyepanda Ngazi

Funguo zilitangulia. Kabla hatujamwona baba yetu mlangoni, tulisikia funguo zake zikicheza kiunoni, maana marehemu hakujua kutembea. Alikimbia, hata alipokwenda kunywa chai.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa mlinzi wa kiwanda hicho. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, na chuo cha ufundi wa umeme mwaka 1976. Huko ndiko alikopewa jina la Pupa. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wa kwetu alidiriki.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Mke alimpata humo humo. Aprili 1983 lifti ilikwama katikati ya ghorofa mbili, na ndani mna karani aliyekuwa anaanza kazi siku hiyo. Marehemu akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango.

“Dada, tulia. Usibonyeze kitu.”

“Nimeshabonyeza vyote.”

“Hata cha kengele?”

“Ndicho nilichoanza nacho. Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nakula.”

“Basi rudi ukamalizie. Mimi nitakwenda wapi?”

Alipotolewa, karani aliapa kwamba hatatia tena mguu ndani ya sanduku lile. Marehemu akawakimbilia wenzake: “Nimepata mke. Ila ni wa ngazi.” Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984.

Walijaliwa watoto wanne. Kila aliyefikisha umri wa kwenda shule alipandishwa Jumapili hadi juu ya paa la jengo refu alilolihudumia baba. “Ile ndiyo nyumba yetu. Zile nguo za mama yako kwenye kamba, unaziona?” Alifurahi kuliko mtoto mwenyewe. Mama naye alisihiwa akaone. “Nguo zangu nazijua,” alijibu. Marehemu aliomba miaka yote ile. Hakuchoka, wala hakumlazimisha.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Alilazwa ghorofa ya saba. Kila siku mama alipanda ngazi na chupa ya uji, akafika akihema hata salamu haitoki, na marehemu akamngoja kwanza apate pumzi.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni muuguzi alipiga simu: njooni upesi. Pale chini mama alitazama ngazi, akatazama magoti yake. Kwa ngazi asingemkuta. “Nishike mkono, na usiniongeleshe,” alimwambia kifungua mimba wake. Akafumba macho, akaingia kwenye lifti.

Alimkuta. Marehemu alituaga saa nne asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mafundi wengi aliowafunza wakamwita baba. Ardhi impokee taratibu, na Mungu ampe kituo chema. Mbio zake zilikuwa kwa ajili yetu.

Wengi mmetuuliza alisema nini mwisho. Alifumbua macho, akamwangalia mama aliyesimama kando ya kitanda, akamwangalia tena vizuri, akatabasamu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno hata ikabidi mama ainame:

“Mbona leo huhemi?”