Taa Aliyoiacha Githinji

Sogeeni wanangu, nawe mama yao Syombua keti karibu na kichwa changu, maana sauti imepungua na sitaki kesho mmoja aseme Muasya alisema hili na mwingine akatae. Daktari wa Thika amesema mapafu yangu yamejaa maji. Hakusema yatatoka, na mimi si mtoto wa kungoja aniambie.

Shamba la Kangundo ni lenu wawili, Mulei upande wa juu, Wambua upande wa mtoni, na mama yenu alime popote apendapo. Ule mpaka ambao mimi na ndugu yangu Nzau tuliugombania hata tukaacha kusalimiana kanisani, mwachieni. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na majirani walilima kweli. Mwambieni yeye ndiye achimbe kaburi langu.

Zile spana za sanduku la mbao si zangu, ni za Githinji, fundi wa kwanza wa gari la Bwana mwenye shamba hili la mkonge, aliyechukuliwa na askari mwaka juzi walipozoa Wakikuyu wa hapa Ruiru kwa malori. Mpelekeeni mkewe, Njambi. Msimwambie kwamba mumewe hatarudi, hilo si letu kusema.

Na ugonjwa wangu ulianzia hapo alipoondoka Githinji. Lile gari la Kimarekani la Bwana lina mtambo wa kutia baridi ndani, na baridi yenyewe ni gesi inayozunguka kwenye paipu kutoka injini, chini ya sakafu, mpaka kwenye buti. Barabara ya shamba la mkonge ikilitikisa, nati hulegea, gesi hutoka, Bwana hutokwa na jasho, nasi hutukanwa. Githinji alikuwa na taa ndogo ya spiriti yenye bomba la mpira la kunusia gesi. Ukiupitisha mpira penye tundu, moto hugeuka kijani. Alipochukuliwa nilipewa taa, sikupewa maneno yake. Nilikuwa nikimwona akilisukuma gari nje alfajiri kabla upepo haujaamka, nikadhani ni maringo ya ufundi tu. Mimi nikafunga milango ya gereji, kwa sababu upepo huuyumbisha moto na kuipeperusha gesi usijue imetoka wapi, na kweli, milango ikiwa imefungwa nilipata kila tundu, na Bwana akanisifu. Jumatatu gesi ilitoka nyingi. Nilisikia harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, nikajiambia leo wanafyeka huko nje. Hakuna aliyekuwa akifyeka. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba gesi ile haina neno mpaka ipite kwenye moto, na hapo hugeuka sumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema iwe vipi ufa ukiwa wa gari la mtu mwingine na ukuta ukawa kifua chako. Kwa hiyo neno langu ni hili: nikishazikwa, tokeni katika nyumba hii ya Bwana, rudini Kangundo, na mtoto wangu yeyote asiiguse taa ile. Najua mvua imekataa huko. Najua Wambua ataacha shule. Njaa nimelala nayo mara nyingi, na asubuhi nikaamka.

Nipeni maji. Mulei, niinue.

Mulei. Mikono yako inanuka spiriti.

Usiniachie, niegemeze. Usimtazame mama yako, nitazame mimi. Unasema Bwana alikuita jana akakupa ufunguo, akasema nyumba hii ni ya fundi, na fundi asipokuwa wewe atakuwa mwingine, nawe ukakubali. Je, ulifunga milango? Ulifunga, kwa kuwa ndivyo ulivyoniona mimi nikifanya.

Nimelala hapa nakataza jambo lililokwisha tendeka. Nikifa utakwenda tena, maana mdogo wako lazima asome na mama yako lazima alale ndani, na mimi sina nyumba nyingine ya kukupa. Naogopa, mwanangu. Hata mkono wako siwezi kuushika ukashikika. Basi sikiliza, pumzi ingalipo.

Sukuma gari nje. Bwana akinung'unika, mwambie linataka hewa ya alfajiri, ataamini. Tazama kwanza kwa macho, maana gesi hutoka na mafuta yake, na pale vumbi liliposhikana na mafuta ndipo pa kuanzia. Kisha paka povu la sabuni, zito, ungoje. Penye tundu patachemka vipovu. Nati ikazwe kwa spana mbili, spana za Bwana, si za Githinji, moja ishike na moja ikaze, usije ukaisokota paipu ya shaba. Mdomo wa paipu ukiwa umepasuka, itoe gesi yote hapo nje, mbali na moto, hata wa sigara, ndipo ukate na kuutanua upya. Taa iwe ya mwisho, nawe usimame upande unakotoka upepo. Moto ukigeuka kijani, zima. Ukisikia majani mabichi, kimbia, Bwana aite asiite.

Tena kuna pampu ya gesi, ile inayozungushwa na mkanda. Mhimili wake huvuja hata ukikaza. Githinji alikuwa na namna yake... sikuiona. Muulize... hakuna wa kumuuliza.

Fungua vifungo vya shati lako. Baba yangu aliponibariki alinitemea mate kifuani, na mchungaji akisema ni mambo ya kale, mwacheni aseme. Ngoja... Pumzi ya kutema sina. Syombua, chovya kidole ulimini mwangu, umpake. Hapo, kifuani. Na Wambua. Mungu awatangulie, mzeeke, mwone watoto wa watoto wenu... msigombane...

Mulei, lete kifua hapa, kwenye sikio langu. Pumua. Pumua tena, nisikie.