Liban Aliteleza Akacheka

Basi letu la kutoka Mombasa lilikuwa linakaribia Minjila, na Bishara, mama aliyeketi mbele yangu, alikuwa bado anaongea na jirani yake wa safari, Mzee Kitsao, mkulima wa Wema. Alikuwa amempakata bintiye aliyelala fofofo. Mumewe, Liban, alikoroma upande wa pili, mguu umefungwa bandeji.

"Mlienda kustarehe ama vitani?" mzee aliuliza.

Bishara alicheka. Walimpeleka mtoto kwenye bustani ya michezo ya maji. Kufika adhuhuri Bishara mwenyewe alikuwa hoi, akaketi, usingizi ukampitia. Kuzinduka, mtoto hayupo. "Nilikimbia nikilia, mzee. Kumbe mama mmoja mfagiaji alimwona anahangaika, akamkalisha kivulini na kumpa maji. Namwombea dua kila nikiswali."

"Na huyu bwana?"

"Huyu aliteleza kwenye bomba refu la kutelezea hadi majini, akatua vibaya, mguu ukateguka. Lakini alicheka, mzee! Tangu ng'ombe wetu waishe kwa ukame sijamsikia akicheka."

Mzee aligeuka akamtazama Liban. Nami niliacha kujifanya nasoma gazeti.

"Hata hivyo, mwakani kaeni nyumbani," akasema.

"Tutaenda tena, inshallah."

"Na mguu?"

"Utapona."

Basi likasimama Minjila. Liban aliamka, akashuka akichechemea. Mzee Kitsao, ambaye hakuwa amefika kwake, alimbeba mtoto akamshusha taratibu bila kumwamsha, huku akinong'ona kwamba mwakani wakae nyumbani.