Marehemu Esta Mughwai, Mke Aliyetekewa Maji

Esta, binti wa Mzee Mughwai, alizaliwa Sepuka mwaka 1936, wakati wa kuvuna uwele. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili, akaachishwa ili amlee mdogo wake, Laurian.

Tarehe 4 Septemba 1954 alifunga ndoa na Alute, wakajaliwa mtoto mmoja, Gabrieli. Tangu wiki ya kwanza Alute alimtekea maji mwenyewe, debe begani, wanaume wakamcheka hadi wakachoka. Wanawake walimwonea Esta wivu. Naye miaka ya mwanzo alijiona malkia, jambo lililomtia haya baadaye kuliko yote. Maana sokoni pia alikwenda Alute, na kuni alikata Alute, Esta asitoke nje ya ua. Mama yake Esta alipofariki mwaka 1961, Alute alimwambia, "Nitakulilia huko mimi. Wewe kaa." Esta alikaa. Hakumweleza mtu. Angeanzaje kumshtaki mume anayeteka maji?

Walipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, watu wazima wote walitakiwa kusoma, na mwenyekiti hakumpa Alute nafasi ya kukataa. Esta alishika upesi, mwalimu Theodora akamwomba atunge hadithi ya kuwasomea wenzake. Alitunga ya mwanamume aliyempenda mkewe hata hakutaka jua limwone. Alidhani wataogopa. Darasa zima likampenda yule mwanamume.

"Mama Gabrieli, huyo anakaa wapi?" aliuliza Yunisi, jirani yake. "Wangu hata njia ya kisimani haijui."

"Mkewe akimchoka, amlete kwangu," Dina, mwanafunzi mwenzao, akadakia.

Esta aliinamisha uso. Hakuwalaumu. Alimwandika Alute kwa mapenzi, kwa sababu alimpenda kweli, na hofu yake aliificha kwa aibu.

"Na mke je?" akauliza. "Anataka nini?"

"Atake nini tena, dada? Maji si yapo ndani?" Dina akajibu.

"Anataka kumzika mama yake. Mume amemkataza."

Hapo wakamtambua mume huyo. Wengi wao walikuwepo kwenye mazishi yale, na walimsifu Alute kwa kulia kama mtoto wa marehemu. Hawakuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi.

"Kesho tunakupitia," Yunisi akasema, bila kumtazama.

Asubuhi walikuja wanawake saba. Alute alisimama mlangoni. "Mnampeleka wapi?"

"Kisimani, shemeji. Sogea kidogo."

Alisogea. Tangu siku hiyo Esta alilima shamba la kijiji pamoja na wenzake, akateka maji, akaenda kwao alipotaka.

Mwishoni mwa mwaka 1975 alianza kuugua tumbo. Alitibiwa Singida mjini, kisha akarudishwa nyumbani, ambako Alute alimuuguza, akibisha hodi kila alipoingia chumbani. Esta alifariki tarehe 19 Juni 1976.

Ameacha mtoto mmoja, Gabrieli, wajukuu wawili, na mdogo wake Laurian. Ameacha pia mume, Alute, ambaye ameomba atajwe mwisho, na asipewe nafasi ya kusema.

Esta, lala kwa amani.