Fundi Kiema na King'amuzi cha Sitini na Tatu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bw. Japheth Kiema Ndolo atarudisha funguo za stoo, mkoba wa bisibisi na koti la mvua ambalo halijawahi kumtosha. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na nane na miezi mitatu katika Mwau Elektroniki, hapa mjini Wote, akiwa fundi wa dishi na ving'amuzi. Ukimwondoa mwenye kampuni, hakuna aliyekaa hapa hata nusu ya miaka hiyo.

Bw. Mwau aliniomba niandike ukurasa mmoja wa programu ya sherehe. Nimeandika zaidi, na sitakata. Naandikia kwenye meza ya huduma, simu zikilia, mtoto magotini kwa sababu anaota meno, na mpiga chapa amenipa hadi saa kumi jioni ya leo, Alhamisi. Tena kuna kazi moja ya Fundi Kiema ambayo bado haijaisha, na bila hiyo wasifu huu hauna mwisho.

Ni hivi. Mwezi wa tano tulipata barua kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 30 Juni, matangazo ya setilaiti yatarushwa kwa mfumo mpya. King'amuzi chenye programu ya zamani kitabaki na kioo cheusi. Vile vya kisasa vinajisasisha vyenyewe kupitia dishi. Vya zamani haviwezi. Ni lazima fundi afike na flashi, aweke programu mpya kwa mkono, kisha akiriseti king'amuzi, yaani akirudishe kilivyotoka kiwandani, na kutafuta stesheni upya. Kiema alipekua madaftari yake akapata nyumba sitini na tatu za namna hiyo, kutoka Sultan Hamud hadi Kitui mjini, na zote alizifungia dishi yeye mwenyewe. Aliziandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza yangu, akasema hastaafu huku akiwa amemwachia mtu kioo cheusi. Alikuwa na siku ishirini na moja za likizo. Hakuchukua hata moja. Leo asubuhi mistari sitini na miwili imekatwa. Umebaki mmoja: Susu Kalekye, yaani Nyanya Kalekye, wa Mukuyuni.

Nitamrudia. Kwanza kazi yenyewe.

Kiema aliajiriwa Machi 1997 kubeba vyuma, si kufunga dishi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hoteli moja Sultan Hamud, wakati dishi lilikuwa la wavu na upana wa paa la jikoni. Siku hiyo hiyo upepo ulilibeba kabla ya kukazwa, likavuka barabara, na kijana Kiema akalikimbiza na spana mkononi mpaka kwenye reli, wateja wa hoteli wakiwa wamesimama nje na vikombe vyao. Alilirudisha. Bw. Mwau akaamua kwamba mtu anayekimbia hivyo kwa mali isiyo yake afundishwe kazi.

Na kweli Kiema hajui kukaa. Wanaomfahamu wanacheka hapa, kwa sababu kusasisha king'amuzi ni kazi ya kungoja. Ukishaanza, asilimia zinapanda polepole kwenye kioo, dakika kumi na nane hivi, na huruhusiwi kugusa chochote. Fundi mwingine angekaa akaletewa chai. Kiema hutoka nje. Katika dakika hizo amepigilia mabati misumari, amekaza kamba za nguo, amechambua ndengu na akina mama, amenyoosha milango ya zizi isiyohesabika. Kuna mama kule Kibwezi alinipigia akisema anahitaji programu mpya. Nikamwuliza king'amuzi kina shida gani. Akasema, "Kina shida ya geti."

Hakuzaliwa akijua. Miaka ya nyuma, programu ikiingizwa kwa waya kutoka kwa kompyuta, alikwenda Kitui kwa Mzee Jabiri na mkewe Bi Salama. Aliingiza faili ya king'amuzi kingine, kinachofanana na kile jina na rangi, tofauti ikiwa tarakimu moja chini ya sanduku. Kikazima na hakikuwaka tena. Kiema hakusema ni stima, hakusema ni hali ya hewa. Alisema, "Mzee, nimekiua." Mzee Jabiri akamwangalia, akauliza, "Sasa tukizike wapi?" Kesho yake Kiema alirudi Kitui na king'amuzi cha nyumbani kwake, akakifunga pale. Watoto wake walikaa muhula mzima bila televisheni. Mkewe, Mama Ndunge, husema ndio muhula walioleta alama nzuri, na kwamba angependa mumewe aue kingine.

Tangu siku hiyo haanzi kazi kabla ya kupindua king'amuzi juu chini na kusoma tarakimu zote kwa sauti, mara mbili. Mafundi kumi na mmoja aliowafundisha wanafanya hivyo hivyo. Wanne wana maduka yao sasa. Ukiingia dukani ukamkuta kijana anasomea sanduku kama anasoma matangazo ya kanisa, ujue alipita kwa Kiema.

Halafu kuna kisa cha Kibwezi, ambacho kila mtu hapa anakijua, lakini wageni wa Ijumaa huenda hawajakisikia. Kiema alikuwa ameacha programu inaingia nyumbani kwa Mutanu, mama wa kanisa, yeye akaenda nyuma kurekebisha banda la mbuzi. Asilimia sabini na moja, mchungaji akaingia na wazee wawili. Mutanu akafanya anavyofanya kila mama mwenye heshima mchungaji akiingia: akachomoa televisheni ukutani, na king'amuzi pamoja nayo. Programu ikikatwa katikati, king'amuzi hakijui tena hata kuwaka. Kiema alirudi na nyundo, akakuta maombi yameanza. Akafumba macho kando ya marehemu. Anasema mchungaji aliwaombea hata mafundi wote wa nchi hii, na yeye akaitikia amina kwa uchungu. Kukifufua kulichukua siku mbili mezani. Tangu hapo ana karatasi anayoiweka juu ya kila king'amuzi kinachosasishwa: USIZIME, HATA MCHUNGAJI AKIINGIA. Siku hizi wachungaji wa upande ule huuliza mlangoni, "Kuna kitu kinaendelea humo?" Wakiambiwa ndiyo, wanaombea nje.

Mwaka wa 2015, mitambo ya zamani ilipozimwa nchi nzima, alifunga ving'amuzi mia mbili na kumi na viwili kwa wiki saba. Bw. Mwau ana cheti cha hilo na atakisoma Ijumaa, kwa hiyo mimi sitarudia. Nitasema lile ambalo halina cheti.

Susu Kalekye haoni. Amekuwa haoni kwa miaka kumi na tano. Televisheni yake anaisikiliza, na rimoti anaitumia kwa kuhesabu: akiwasha yuko stesheni ya kwanza, ya Kikamba, akibonyeza juu mara moja, mahubiri, mara mbili, habari. Mwaka wa 2022 mjukuu wake, Ndila, alipiga simu hapa kwamba picha inakwama. Mafundi wote walikuwa nje. Simu niliipokea mimi. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini, nikamwelekeza Ndila ariseti, bonyeza hapa, kubali hapa. Picha ikaacha kukwama. Mpangilio wote ukafutika. Kwa wiki mbili Susu Kalekye aliwasha televisheni akakuta watu wanauza sufuria kwa lugha asiyoijua. Hakulalamika. Alidhani ndiyo mambo ya siku hizi.

Kiema ndiye aliyegundua, alipopitia kusalimia. Alimpangia upya, akarudi ofisini, akaniambia maneno haya tu: "Kathini, kabla ya kufuta, andika kilichokuwepo." Hakumwambia Bw. Mwau. Bw. Mwau ndiyo kwanza anayasoma hapa.

Sasa mwezi huu Kiema alipokwenda Mukuyuni na flashi yake, Susu alimpa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hicho kitu hakiguswi. Mara ya pili alikuwa "ameenda kanisani," siku ya Jumanne, na Kiema akasikia mahubiri yakiendelea ndani. Mara ya tatu ni leo. Aliondoka saa mbili asubuhi na betri ya ofisi imefungwa kwa pikipiki, kwa sababu stima ya kule ni ya sola, na wiki hii yote jua halijatoka.

Saa nne hakuna habari. Saa tano mpiga chapa alipiga, nikamwambia angoje. Bw. Mwau alipita mezani mara tatu, akiangalia karatasi ukutani na kujifanya anatafuta kalamu. Mimi mwenyewe nilimpimia mteja waya ule ule mara mbili. Saa sita na robo simu ikalia. Ilikuwa Ndila. Alisema susu amekubali, lakini kwa sharti, na akaiacha simu wazi ili nisikie.

"Yule wa mwaka ule alifanya akiwa mbali," Susu alikuwa anasema. "Wewe hutatoka nje. Utakaa kwa hiki kiti mpaka iishe, nikikusikia."

"Nitakaa, mwaitu," Kiema akasema. Mwaitu ni mama, kwetu.

Alipindua sanduku, akasoma tarakimu mara mbili. Akamwomba amtajie mpangilio, akaandika. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ya nne haina kitu," Susu akasema.

"Kama haina kitu tuiache, mwaitu. Hiyo stesheni ilifungwa zamani."

"Usiiache. Wageni wakija naenda hapo. Nikizima kabisa, kuiwasha tena ni kungoja, na sioni kama imewaka."

Ukitafuta stesheni upya, iliyokufa haipatikani. Kiema akasema atamtafutia nyingine iliyonyamaza. Akachomeka flashi. Asilimia zikaanza.

Kwenye kumi na mbili nilisikia kiti kikilia.

"Nasikia unaondoka."

"Nanyoosha mguu tu, mwaitu."

"Nyoosha ukiwa umekaa."

Kwenye arobaini na tatu zikasimama. Dakika moja. Dakika ya pili. Ndila akaninong'onezea kwamba betri iko sawa, lakini fundi ameshika magoti yake kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Hapa ofisini Bw. Mwau alikuwa amekaa chini sakafuni kando ya meza yangu, na mtoto wangu alikuwa ameshika tai yake. Mtu anayejua kutengeneza kila geti la Makueni alikuwa hana cha kutengeneza.

Zikaenda. Arobaini na nne. Sitini. Tisini na tisa, na mia. King'amuzi kikajizima, kikawaka.

"Sasa ndio nafuta kila kitu, mwaitu."

"Karatasi iko wapi?"

"Mfukoni."

"Itoe. Ishike mkononi."

Aliriseti. Akatafuta stesheni, akazipanga moja moja, akimsomea kila moja. Kwa nafasi ya nne aliweka ile ya mafundi ya kupimia, yenye mistari ya rangi na bila sauti yoyote. Halafu akampa rimoti, kwa sababu kwa Kiema kazi haiishi kwenye asilimia mia. Inaisha mwenye nyumba akifika anapotaka kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimsikia mtangazaji wa Kikamba. Kitufe kikabonyezwa, wakaja wahubiri. Kikabonyezwa, habari za saa saba. Kikabonyezwa tena, kukawa kimya, na kimya hicho kikaendelea mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Ndiyo yenyewe," Susu Kalekye akasema. Kisha akasema, "Haya, Kiema. Sasa unaweza kustaafu."

Mstari wa sitini na tatu Bw. Mwau ameukata mwenyewe.

Fundi, kampuni inakushukuru, na Bw. Mwau atalisema hilo vizuri kuliko mimi. Mimi nashukuru kwa sentensi moja ya mwaka wa 2022. Kwa wateja na wafanyakazi wenzangu: kuanzia Jumamosi, nambari ya Bw. Kiema haimo tena kwenye kadi zetu za huduma. Nimeitoa mwenyewe. Picha ikikwama, mpigie Kathini, na usizime kitu kabla hatujaongea. Mwenye shida ya geti atafute seremala.

Tunakuombea afya njema nyumbani, Fundi Kiema, wewe na Mama Ndunge na watoto, na kila asubuhi yenye jua. Tena tunakuombea kazi ndogo ndogo za kutosha pale bomani, ili Mama Ndunge asiturudishie wewe kabla ya mwezi kuisha.